Kijumba Kilichoandikwa Funga Mlango

Juni 1, Jumatatu

Katika ghala hili la nafaka hakuna karatasi inayonishinda kusoma, iwe ya maandishi, ya mizani au ya michoro. Miaka ishirini na saba nimekaa mlangoni mwa ghala namba tatu, na karatasi zote zimepita mkononi mwangu. Mwenye ubishi aje.

Daftari hili nimepewa leo na yule mtaalamu tunayemwita Bi Mishale. Kazi yake ni kuchora kazi za wenzake. Anakuuliza unafanya nini kutwa, halafu anaichora kazi yako kwa vijumba na mishale, ili wakubwa waione mara moja na kompyuta nayo iielewe. Uchoraji huo una alama zake na kanuni zake, na mwenyewe anauita lugha. Anazo lugha mbili za namna hiyo, anataka kujua ipi ni nyepesi kwa watu wa kazi kama sisi. Kwa hiyo msimu mzima wa mavuno niandike humu: mchoro umenisaidia wapi, umenisumbua wapi. Nimemwambia hautanisumbua.

Juni 2

Nimelala vibaya, kwa hiyo niseme. Ya jana ni chuku. Maandishi nasoma, ingawa polepole. Niliishia darasa la nne, na mwalimu ndiye aliyenichoka kabla mimi sijamchoka. Lakini mchoro wa Bi Mishale nikiutazama naona kamba ya kuanikia nguo iliyokatika. Sijaufuta ule ukurasa kwa sababu daftari atalichukua mwisho wa msimu. Muda wa kutubu bado upo.

Juni 4

Leo ilikuwa zamu yangu kuulizwa. Bi Mishale kakaa kwenye kiti changu, mimi juu ya kreti, kalamu yake imeshaanza kukimbia kabla sijafungua mdomo. Nilimsimulia juu ya nyoka aliyetoka kwenye gunia la maharage, na mkaguzi aliyekimbia akaacha kiatu. Nikamsimulia nilivyomkamata dereva aliyejaza mchanga katikati ya mahindi. Vingine vilitokea kweli.

Akaniuliza, kwa upole tu, kabla ya kufunga mlango huwa nafanya nini. Nikamjibu, huwa naufunga. Tukacheka wote wawili, akaandika, akageuza ukurasa.

Juni 5

Mahindi ya kwanza yameingia. Malori manne. Joto.

Juni 9, Jumanne

Jaribio. Tumeketishwa ofisini: karani, mimi, Bwana Dawa ambaye ndiye hufukiza sumu ya kuua wadudu, na shemeji yangu Ngamia kwa niaba ya wachukuzi. Ngamia ni ndugu wa mke wangu, mdogo wake wa pekee. Jina kalipata kwa mgongo wake, na kwa kipaji chake cha kusinzia mahali popote, hata juu ya rundo la magunia kimo cha nyumba. Sikio lake la kushoto lilikufa zamani, kwa hiyo akilalia la kulia hata radi haimpati. Namwambia kila siku kwamba dada yake alinidanganya, alisema ana ndugu mchapakazi.

Lugha ya kwanza ilikuwa na vijumba na mishale tu. Ya pili ndiyo ilikuwa sherehe: duara nyembamba, duara nene, vishada vya pembe nne vyenye msalaba ndani, vishada vyenye alama ya kujumlisha, bahasha, saa. Na mchoro mzima umekatwa mifereji, kila mtu na mfereji wake. Bi Mishale akasema: mahindi yakija mabichi, yanakwenda wapi? Kila mtu afuate kwa kidole.

Mimi nikakitazama kidole cha karani. Nilipoinua macho nikamkuta karani anakitazama changu. Tukafika pamoja kwenye bahasha na kutulia hapo kama watu waliofika nyumbani.

Kisha zikaja fomu. "Mchoro huu ni rahisi kuelewa." "Ningependa kuutumia tena." Unatoa alama moja hadi tano. Meneja alikuwa amesimama nyuma yetu na mikono mgongoni. Nikatoa tano. Karani tano. Bwana Dawa tano. Ngamia, ambaye herufi hajui hata moja, nilimjazia mimi, nikamuuliza unampa Bi Mishale ngapi. Akasema ukimpa mtu mbili ni kama kumtukana, naye kaacha watoto wake kwao. Tano. Na kati ya lugha mbili tukachagua ile ya sherehe, maana yenye alama nyingi ndiyo ya wasomi.

Bi Mishale alizipitia fomu, akazipitia tena. Nilidhani atafurahi. Akasema kwa sauti ndogo, "Mnanipa tano kama mnavyonipa chai. Nipe mbili ya kweli, mzee, nitakushukuru zaidi."

Nikajitia hamnazo.

Juni 12, Ijumaa

Mlango wangu umepakwa rangi na ubao wa misumari umeng'olewa.

Nieleze, maana sijawahi kuueleza kwa mtu. Pembeni ya mlango palikuwa na ubao wenye misumari kumi. Wachukuzi wetu ni kumi, kila mmoja ana kulabu yake ya kunasia magunia. Akiingia anaichukua, akitoka anaitundika. Siku ya dawa, kabla ya kufunga, ninatupa jicho ubaoni. Msumari mtupu maana yake mtu yumo ndani. Zikitimia namwambia Bwana Dawa, kulabu zimetimia, naye ndipo anafungua mikebe yake. Hatukuliandika popote. Bi Mishale sikumwambia kwa sababu halikunijia. Nani humsimulia mgeni kwamba huvaa suruali kabla ya kutoka nyumbani?

Sasa mahali pa ubao umebandikwa mchoro wake, umevikwa plastiki. Kulabu zitakaa kwenye sanduku stoo. Nilimwuliza meneja ubao utarudishwa lini. Akaniuliza kama ubao umo kwenye mchoro. Nikatazama. Ni kweli, haumo.

Juni 15

Malori saba.

Juni 16

Malori tisa. Manyunyu yasiyo na msimu. Maturubai ya malori yanavuja.

Juni 22, Jumatatu

Nimeusoma mfereji wangu. Kwa kuutazama kila siku nimeanza kuuzoea kama uso wa mpangaji mpya. Una vijumba vitatu: Fungua mlango. Pokea karatasi. Funga mlango. Miaka ishirini na saba, vijumba vitatu. Mke wangu anasema vimezidi kimoja.

Juni 24

Leo lori limekuja na mahindi mabichi. Mkaguzi alichoma gunia kwa bambo, ule mkuki wenye tundu wa kutolea punje, akazitafuna, akatema. Zamani angemrudisha dereva kwa matusi. Sasa karani akafuata mchoro: kutoka kwenye kishada kuna mshale wa kuingia na mshale wa kwenda kwenye bahasha. Mshale wa kumrudisha mtu hakuna. Karani akaandika barua, akaiweka kwenye bahasha, na magunia yakaingia.

Nilimpigia Bi Mishale simu mwenyewe kumweleza. Alikuja siku hiyo hiyo, kachafuka matope hadi magotini, akachora ule mshale mbele yetu kwa kalamu nyekundu. Kisha akamwomba meneja abandike mchoro mpya. Meneja akasema mchoro uliopo umeshatiwa saini makao makuu, mpya utasubiri msimu uishe. Nikamwona yule mwanamke anavyoikunja karatasi yake, mara nne, taratibu, na kwa mara ya kwanza sikutamani kumtania.

Alipoondoka aliniuliza kama kuna lingine. Lilikuwapo, la ubao wangu. Lakini nilikuwa nimeshampa tano, na mtu wa tano haanzi kulalamika.

Juni 29

Wadudu. Kwenye rundo la nne, lile la mahindi mabichi, nimeweka sikio juu ya gunia. Wanasikika. Ni kama watu wengi wananong'ona chumba cha pili.

Julai 1

Nimeingiza mkono katikati ya rundo la nne. Lina joto kama mtu mwenye homa.

Julai 3, Ijumaa

Malori kumi na moja. Wachukuzi wanakula wamesimama. Ngamia alisinzia akiwa na kijiko mdomoni.

Julai 7

Leo nimegombana na meneja. Nilichelewa kufungua mlango kwa sababu nilikuwa nikiondoa gunia lililoanguka njiani. Mbele ya watu akagonga mchoro kwa kidole, akaniuliza kijumba cha kuondoa gunia kiko wapi. Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, na ndani nikachemka.

Nikapata wazo. Kuanzia kesho sitafanya lolote lisilo kwenye kijumba. Nimewaambia wenzangu nao wamependa. Tutautii mchoro mpaka meneja aombe radhi.

Julai 8

Tumecheka sana. Mvua ilianza saa nne, hakuna aliyefunga madirisha. Hayana kijumba.

Julai 10

Paka amezaa kwenye ofisi ya karani. Karani kasema mchoro haumruhusu kumtoa. Hata meneja kacheka, lakini kwa upande mmoja wa mdomo.

Jioni mke wangu hakucheka. Alikuwa akichambua mboga. Akasema, "Mzaha mzaha hutumbuka usaha, baba. Ndugu yangu yuko mle ndani kutwa." Nikamwambia asilete nuksi.

Julai 13, Jumatatu

Rundo la nne linatoa harufu ya pombe. Unga wa wadudu umetanda mabegani mwa wachukuzi. Bwana Dawa ameamriwa kulifukiza ghala zima, siku saba limefungwa. Wageni wa makao makuu watakuja siku hiyo kuona jinsi mchoro unavyofanya kazi. Ni Alhamisi.

Julai 15

Joto. Hakuna upepo hata wa kutikisa karatasi.

Julai 16, Alhamisi. Naandika tarehe 19

Nitaandika kama ilivyokuwa. Sitatia chumvi.

Wachukuzi walimaliza kupanga magunia saa sita. Wageni walikuwa watatu, wamevaa viatu visivyopenda vumbi, Bi Mishale akiwa nao. Bwana Dawa alivaa barakoa, akapita chini ya marundo akipanga sinia za vidonge vinavyotoa sumu vikipata unyevu wa hewa. Wachukuzi walikuwa wameshatoka mbele yangu mmoja mmoja kwenda bombani kunawa.

Ubao sikuwa nao. Lakini mkono una mazoea yake. Ulikuwa mfukoni, na vidole vikahesabu vyenyewe bila kuniomba ruhusa. Tisa.

Nilikuwa na tisa mfukoni, na nilijua nina tisa.

Nilidhani Ngamia yuko chooni. Huo ndio ukweli, lakini ni ukweli nusu. Nusu ya pili ni hii: nilitaka waniulize. Nilitaka Bwana Dawa ageuke aseme, mzee, kulabu zimetimia? Nilitaka meneja, mbele ya wageni wake, anitazame mimi badala ya ile plastiki. Hakuna aliyegeuka. Bwana Dawa alitoka, akaangalia mfereji wake kwenye mchoro, akaona kazi yake imekwisha, akaniashiria kwa kichwa. Kijumba kilichofuata kilikuwa changu. Nikafunga mlango.

Wakaanza kubandika karatasi za gundi kwenye mianya. Nikapanga moyoni: waache wamalize, wapige na picha, halafu nitauliza kwa sauti ya kijinga, jamani, mmewahesabu? Wabandue karatasi zote, waaibike, tucheke mwaka mzima. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu, na shemeji yangu ndiye niliyekuwa naihesabia.

Karatasi ya mwisho ilipobandikwa, mgeni mkubwa akanishika bega. Akasema ameambiwa kuna mzee wa darasa la nne anayesoma mchoro kuliko wahandisi, twende ofisini nikawaonyeshe. Nikaenda. Ndiyo, nikaenda. Wakanipa kiti chenye mto, na soda. Mchoro ulikuwa mezani, mkubwa kama shuka. Wakaniuliza kama lugha ile ni rahisi kutumia. Nikasema ni rahisi kama kunywa maji. Nikawapitisha kwenye duara na vishada, nikiyabuni mengine, na walikuwa wakiandika. Nikawasimulia nyoka, nikawasimulia mkaguzi na kiatu. Nilikaa muda wa soda mbili. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa nane na nusu nilipoingia kwenye mfereji wangu mwenyewe, kidole juu ya mshale, nikifuata. Pokea karatasi. Mshale. Funga mlango.

Kidole kikasimama.

Kati ya vile vijumba viwili palikuwa na mshale mfupi, urefu wa ukucha. Niliutazama na nikaelewa kuusoma, siku hiyo, saa hiyo, kwa mara ya kwanza. Mchoro ulikuwa unasema kwamba kati ya karatasi na mlango hakuna kitu.

Bi Mishale akauliza, "Mbona umesimama, mzee?"

Nikamwambia, "Ngamia yumo ndani."

Sikumbuki kushuka ngazi. Nakumbuka kubandua karatasi kwa kucha, na gundi ilikuwa bado mbichi. Mlango ulipofunguka ikatoka harufu kama ya kitunguu saumu kilichooza. Wawili walinishika, wakanikalisha chini. Bwana Dawa akaingia na barakoa yake, na tukabaki tunatazama lile giza la mlangoni. Kutoka ndani hakuna sauti iliyotoka ila wadudu.

Alimleta mgongoni. Mtu aliyebeba magunia ya watu maisha yake yote alitoka amebebwa kama gunia. Alikuwa juu ya rundo la nne, palipokuwa na joto zuri, amelalia sikio la kulia. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Kwenye lori la kumpeleka hospitali alitapika, na mimi nikashukuru kwa kutapika kwake kuliko nilivyowahi kushukuru kwa chochote.

Julai 20

Anapumua. Kwa kelele, lakini anapumua.

Julai 21

Daktari amesema mapafu yameungua. Ataishi. Magunia hatabeba tena.

Mke wangu amechinja kuku. Kwa ajili yangu. Amewaambia majirani kwamba mume wake ndiye aliyekumbuka, kwamba bila mimi angekuwa anazika. Alinichagulia paja. Nililila lote kwa sababu sikujua jinsi ya kulikataa.

Julai 23, Alhamisi

Meneja ananiandalia cheti cha pongezi. Ubao umerudishwa, misumari mipya, na mimi nimeombwa nipige picha kando yake.

Julai 24

Nilikwenda kumwona Ngamia nyumbani kwake, karudi jana. Kakonda, shingo imekuwa ya kuku. Alinishika mkono akaniambia kosa ni lake, alijilalia kama mjinga, na kwamba mimi ni shemeji na nusu. Nilitaka kusema. Nikafungua mdomo ukatoka mzaha: nikamwambia hata sumu imemkataa. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka mkewe akaja mbio.

Julai 26

Nimerudi tena. Mzaha tena.

Julai 27

Mara ya tatu. Nilisimama mlangoni kwake, nikasikia kile kikohozi, nikageuka.

Julai 29, Jumatano

Bi Mishale alikuja kunitafuta. Amekonda naye. Ameandika barua makao makuu kwamba kosa ni la mchoro, na la yeye aliyeuchora, kwa sababu aliuliza swali akaridhika na kicheko. Huenda kazi yake ikaishia hapo. Na ripoti iliyokwisha chapishwa, akasema, inaonyesha kwamba watumiaji wameiona lugha kuwa rahisi mno, wastani wa tano kamili. Hakusema kwa kulaumu. Alikuwa anatazama mikono yake.

Nikamwambia aliuliza vizuri. Waliojibu ndio sisi. Akanitazama kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa. Akauliza kama naweza kumpa daftari. Nikasema kesho.

Julai 30, Alhamisi

Bi Mishale, binti yangu, daftari lako hili. Ukurasa wa kwanza nimeuacha ulivyo, uongo wake na yote.

Uliomba mbili ya kweli. Nimekupa zaidi: nimekupa moja. Mchoro wako haukunisaidia kuona lolote mpaka siku ulipokuwa umechelewa. Alama zake zilinipendeza kwa sababu zilinifanya nionekane nimesoma. Sikukuambia kwa sababu yeyote ambaye angesema haelewi angekuwa wa kwanza, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Lakini hayo ni ya mchoro. Tisa ilikuwa mfukoni mwangu, haikuwa kwenye karatasi yako. Peleka ukurasa huo makao makuu pamoja na barua yako, usibebe peke yako mzigo wa watu wawili. Cheti nimekirudisha mezani kwa meneja asubuhi hii, na mke wangu nimemwambia. Amesikiliza mpaka mwisho, akachukua kanga yake akaenda kwa ndugu yake, na tangu hapo hajarudi. Ngamia hajamwambia chochote, amenitumia salamu kwamba hilo ni langu mimi kulisema.

Nimeandika karibu miezi miwili bila ujira, nimekujibu maswali kwenye kreti lenye misumari. Basi una deni langu dogo, nami nakudai. Leo jioni nitakuwa kwenye benchi nje ya nyumba ya Ngamia. Wewe pita uingie, ukae karibu naye, umsomee ukurasa wa tarehe kumi na sita tangu mwanzo hadi mwisho, polepole, usiruke kitu. Mimi nimejaribu, na kila nikifungua mdomo unatoka mchezo. Ukimaliza, akitaka kuniona, toka uniambie. Asipotaka, wewe nipite tu, uende zako. Nitaelewa.